Barua Niliyomsahihishia Mama

Kwetu hakuna mtu aliyekufa kwenye karatasi. Ninyi wa rika langu, mliokulia kando ya Mto Tana, hilo mnalijua. Mtu akifa Chara au Kinakomba, na ndugu yake yuko Mombasa, barua ilisema hivi: fulani ni mgonjwa sana. Aliyeipokea hakuuliza ni ugonjwa gani. Alitafuta wembe akanyoa kichwa, wenzake wa kazini wakamketia siku tatu za maombolezo, kisha akaanza kupanga safari ya matanga. Karatasi iliyotaja kifo kwa jina lake iliogopwa, kwa kuwa ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika, na hakuna aliyetaka kukibeba kitu hicho mfukoni mwake. Na kama mtu aliugua kweli, ugonjwa wa kutibiwa, yalitafutwa maneno mengine. Ana homa. Mwili wake wamoto. Anakula kidogo. Anaongea. Watu wazima walijua kuyatenganisha haya na lile. Watoto hatukufundishwa.

Mama yangu tulimzika mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza. Nguo zake nimezifua mara mbili na bado zina harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi, nami nimeacha kuzifua. Miezi michache kabla ya hapo alikuja binti mmoja kwenye kikundi chetu cha wazee hapa Garsen, akatugawia madaftari, akasema kila mtu aandike jambo lililomuuma maishani, kwa kuwa jambo likiandikwa hupungua uzito. Wenzangu walicheka. Mmoja alimwambia, "Mwanangu, hapa wengine hata majina yetu yakiandikwa hatuyajui. Tutapunguza nini?" Mimi sikucheka. Kuandika najua, nilifika darasa la nne. Nilichukua daftari nikakaa nalo wiki nyingi bila kulifungua, kwa sababu mimi nililijua jambo moja kuhusu kuandika ambalo yule binti hakulijua.

Kijiji chetu kilikuwa mtoni, chini ya Garsen, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi. Baba alikuwa kuli bandarini Mombasa, na tulimwona mara moja kwa mwaka, mara nyingine mara mbili. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Komora, mtoto wa miaka sita hivi. Nyumba ya pili ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu yetu baba asipokuwepo. Hakuwa mtu mbaya. Naliandika hilo mapema kwa kuwa mbele atafanya jambo ambalo mtamchukia kwalo.

Shule ilikuwa kijiji cha pili. Wasichana tulikuwa wanne, na mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu wetu alitoka mbali, bara, na alitufundisha Kiswahili cha kitabuni. Kila tulipotia Kipokomo ndani yake alitupiga vidole kwa rula. Alitufundisha kwamba barua ni kitu cha heshima, haiandikwi kama watu wanavyozungumza shambani. Nikawa nawaandikia barua wanawake wa kijijini. Walinikalisha kwenye mkeka, wakanipa ndizi mbivu, wakasema kwa Kipokomo, nami nikaandika kwa Kiswahili na penseli ile ya kulamba iliyoacha ulimi zambarau. Komora alikuwa akinichungulia mdomoni na kuniambia nimekula wino, nitakufa nikiwa na barua tumboni.

Msimu ule mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na sisi watoto tulikuwa na kazi ya kuamia ndege. Tulikaa juu ya dungu tangu alfajiri na teo mkononi na rundo la udongo uliofinyangwa, tukipiga kelele na kurusha. Komora aliwaita ndege wageni. Wakija wengi alisimama akawaambia, "Karibuni wageni, nyumbani hakuna kitu," halafu akawarushia udongo. Kila kundi alilipa jina la jirani yetu mmoja. Waliokula sana bila aibu aliwaita jina la baba mkubwa, nami nilikuwa namziba mdomo kwa kuogopa asije akasikika.

Homa ilimwanza pale pale juu ya dungu. Alisema jua limekuwa baridi. Nilimwambia ni mvivu, anataka kwenda nyumbani, nikamwacha akiwa amejikunyata mpaka mchana. Homa ile ilikuja ikaenda, ikaja ikaenda, na kila ilipokwenda iliondoka na nyama yake. Mikono ikawa kama miiko. Tumbo lilivimba upande wa kushoto, gumu ukiligusa. Mama alimpeleka kwa dresa wa zahanati, na dresa akambonyeza tumbo, akampa dawa chungu, akasema dawa aliyonayo haitatosha, apelekwe hospitali kubwa Malindi, na asicheleweshwe.

Mama alikwenda kwa baba mkubwa. Baba mkubwa alifikiri siku nzima, kisha akasema maneno ambayo kwetu hayana jibu.

"Mtoto ana mwenyewe. Nikimtoa hapa akanifia njiani, mdogo wangu ataniuliza nilimpeleka wapi. Mwandikieni. Akisema aende, mimi mwenyewe nitampakia."

Kwa hiyo niliandika barua. Mama alikaa karibu yangu mlangoni akichambua mchicha, na Komora alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba nyuma yetu, macho wazi, akisikiliza. Mama alisema polepole, kwa Kipokomo, akichagua. Mwambie babako mwili wa mtoto wamoto, unakuja na kuondoka. Mwambie hataki chakula. Mwambie dresa amesema Malindi, na kaka yake anangoja neno lake. Halafu akaacha mchicha, akanitazama.

"Mwambie anaongea. Hilo usiliache."

Nyuma yetu Komora akasema, "Mwambie naongea kukushinda wewe."

Naikumbuka ile karatasi mistari yake yote. Niliandika salamu kama tulivyofundishwa, nikauliza hali, nikasema sisi huku tu wazima. Nilipofika kwenye "mwili wamoto" niliona aibu. Yalikuwa maneno ya shambani. Mwalimu alikuwa ametufundisha neno moja safi kwa mtu asiye na afya, na neno hilo ni mgonjwa. Niliandika: mtoto wako Komora ni mgonjwa. Nikaona neno limekaa peke yake, baba hataona haraka yoyote, nikaongeza sana. Kisha nikaongeza sana ya pili. Niliandika juu ya dresa na Malindi kwa maneno machache, nikayapanga vibaya, yakasomeka kana kwamba dresa alisema Malindi zamani, na mambo yalikwisha kupita; na kwamba kaka yake anangoja neno lake niliandika bila kusema ni neno la nini. Lililobaki ni hilo la kuongea. Nilifikiri: baba akisoma kwamba mtoto anaongea, ataona si kitu, atangoja. Nilitaka aje. Nikaliacha.

Mama aliniomba nimsomee. Nilimsomea kwa Kipokomo, nikarudisha yote aliyosema, pamoja na lile la kuongea, huku macho yangu yakitembea juu ya mistari ambayo haikuwa nalo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema babako atajua kwamba amesoma barua ya mtu aliyesoma.

Baba mkubwa alikuwa akienda Garsen siku ya pili kuuza ndizi, akanichukua ili nimpelekee barua mwenye duka. Huyo alikuwa Msomali mzee tuliyemwita Adeer, kama watoto wake walivyowaita wazee, na barua za watu wengi wa mtoni zilipitia kwake. Alizikusanya kwenye debe la biskuti, kisha akampa dereva wa lori la Mombasa. Baba mkubwa alibaki gatini na ndizi zake. Adeer alichukua barua, akaitazama juu na chini, akaniuliza kwa Kiswahili chake.

"Wewe toto, ile ndogo yenu nasikia homa kamata yeye. Sasa iko namna gani? Dereva naweza kuambia baba yako kwa mdomo."

Nilimjibu, "Barua inasema."

Alicheka, akasema kama barua inasema basi mdomo upumzike, akanipa sukari guru kipande. Nilikila njia nzima. Dereva angefikisha maneno mawili tu kwa mdomo, mtoto anaongea, na leo hii ningekuwa naandika jambo jingine. Sikumpa. Niliona kumwambia kwa mdomo ni kuidharau barua.

Jibu lilichukua siku kumi na tano hivi. Katika siku hizo Komora hakutoka tena nje, lakini kila nilipotoka dunguni alinitaka nimpe habari. Wageni leo wamekula kiasi gani? Baba mkubwa alikuja na watoto wake wangapi? Nilimwambia uongo, nilimwambia wamekuja wachache, kwa kuwa bila yeye nilikuwa nashindwa upande mmoja wa shamba na mpunga ulikuwa unaliwa. Mama alimbeba nje jioni auone mto. Mto ulikuwa unapanda. Mvua zilikuwa zimenyesha juu, na maji yalikuwa yamegeuka mekundu kama chai ya maziwa.

Barua ya baba iliandikwa kwa baba mkubwa. Tulikusanyika kwake, nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa fupi.

"Kwa kaka yangu mpendwa. Barua nimepata, nimesoma, nimeelewa. Poleni sana nyote. Kazi ya Mungu haina makosa. Mama Komora mwambieni ajikaze, mimi pia najikaza. Nitakuja mwezi ukiisha."

Mama alisema, "Soma tena. Umeruka neno."

Nilisoma tena. Barua hiyo sikuruka hata neno moja. Akasema soma mara ya tatu, nikasoma. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, akitazama karatasi mkononi mwangu kama mtu anayetazama mfuko anaojua umejaa na ambao wenzake wanasema ni mtupu. Mke wa baba mkubwa alisema Mombasa inaharibu wanaume. Mtoto anaungua na baba anasema mwezi ukiisha. Nilimwona baba mkubwa akirudia kwa midomo, kazi ya Mungu haina makosa, akikunja uso, kana kwamba kuna kitu alikisikia ndani ya maneno hayo kisha kikampotea. Tulifika karibu na kuelewa kiasi hicho. Halafu akasema, "Mwenyewe amemwachia Mungu. Mimi ni nani nimnyang'anye?"

Mama hakulia. Asubuhi iliyofuata alimfunga Komora mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia, akashuka gatini kwenye mtumbwi. Mimi nilibeba kibuyu cha uji. Alikuwa amekwisha kuingia mguu mmoja wakati baba mkubwa alipokuja nyuma yetu, akachukua kafi kutoka ndani ya mtumbwi, akasimama nalo.

"Mama Komora, rudi. Mto umejaa. Na mwenyewe amesema."

"Mwenyewe amesema nini? Amesema asiende?"

"Hakusema aende."

Walisimama hivyo. Komora, mgongoni, aliinua kichwa akamwambia baba mkubwa, kwa sauti ndogo lakini ya heshima kabisa, kwamba akitaka yeye atapiga kafi mwenyewe. Baba mkubwa aligeuza uso. Nafikiri angelitoa lile kafi kama mama angeomba mara moja zaidi. Lakini mama hakuomba. Alitoa mguu kwenye mtumbwi, akarudi juu na mzigo wake, na kuanzia siku ile mpaka uzeeni sikumsikia akimwita baba mkubwa kwa jina lolote.

Komora alikufa Jumatano, mchana, mimi nikiwa dunguni. Ndege walikuwa wengi na kila shamba lilikuwa na watu wanaopiga kelele. Nilisikia sauti ya mama kutoka kijijini, juu, ndefu. Nilidhani naye anafukuza ndege, kwamba wameingia kwenye mpunga ulioanikwa uani. Nikamwitikia. Nilipiga kelele kama ile yake, ndefu hivyo hivyo, nikazungusha teo, na yeye akapiga tena, nami nikamjibu tena. Tulijibizana hivyo sijui mara ngapi. Ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo, si ya mama, ni ya kwangu, nikimjibu kwa furaha.

Alizikwa kabla jua halijatua, kwenye ardhi ya juu ambako mto haufiki.

Jumamosi baba akaja. Alishuka kwenye mtumbwi wa watu wa Garsen akiwa na sanduku la mbao, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, nywele zimeanza kuota tena. Wanawake walioketi matangani walitazamana. Walidhani amepewa habari njiani. Lakini habari ya njiani haioteshi nywele. Alimsalimu kila mtu kwa utulivu, akaingia uani, akamwekea mama mbele kaniki mpya, sukari na sabuni, vitu vya matanga, vimekunjwa vizuri, vitu vya mtu aliyekuwa na muda wa kuvitafuta. Akamwambia pole. Hakutoa chozi.

Mama alimtazama yule mwanamume mkavu. Akasema, "Hata kulia hukulia."

Baba alijibu kwa upole kwamba alikwisha kulia. Mama alidhani anamdhihaki.

Akaomba aonyeshwe kaburi. Tulikwenda yeye, baba mkubwa na mimi. Mimi nilifuata tu, hakuna aliyenifukuza. Kaburi lilikuwa la siku tatu. Udongo ulikuwa bado mabonge, mweusi, umelowa, na alama za jembe zilionekana. Baba alisimama kando yake, kisha akaanza kutazama huku na huku nyuma ya vichaka, kama mtu aliyepelekwa kwenye nyumba isiyo yake.

"Hili la nani? Mwanangu yuko wapi?"

Baba mkubwa akasema ndiye huyo.

"Hili ni bichi," baba akasema. Akainama, akachukua bonge, likavunjika mkononi. "Kaka, hili ni bichi. Mlimzika lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii. Hii iliyopita."

Nilimwona baba akihesabu. Alihesabu kwa vidole kama sisi darasani, mkono wa kwanza, wa pili, akarudia. Halafu akaketi chini, pale kwenye udongo, na shati lake jeupe la safari. Aliingiza mkono mfukoni akatoa barua yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechakaa. Akaifungua juu ya goti, akasoma kimya, midomo ikitembea, akafika mahali akaweka kidole.

"Nani aliandika hii?"

Hapa nitasema kweli, maana kama si kweli hakuna haja ya kuandika. Aliponiuliza, kwa pumzi moja, kabla sijaelewa chochote, nilijivuna. Nilisema, "Mimi, baba."

Akanitaka niisome. Niliisoma kama ilivyo, kwa Kiswahili. Mama alikuwa amekwisha kutufuata, nami sikujua. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Kiswahili cha kuongea alikijua vizuri. Nilipofika kwenye mgonjwa sana sana nilisikia pumzi yake imekatika. Baba mkubwa aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa chake. Nilimaliza kusoma mpaka wasalaam, na nilingoja, kwa sababu ndani ya barua ile mimi sikuona kosa lolote. Tahajia ilikuwa sawa.

Baba aliikunja. Hakunipiga, ingawa nilikuwa ninajua sasa kwamba kuna kitu, na ningefurahi anipige. Alisema, "Mwandiko mzuri." Basi. Akairudisha mfukoni.

Nilielewa siku ya pili, mtoni, kutokana na wanawake waliokuwa wakifua, ambao hawakuniona. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake. Huko Mombasa walimketia siku tatu, wakamsomea, wakamnyolea, naye mtoto yuko hapa anaongea. Ameliliwa akiwa hai. Yule wa pili alisema mtoto akililiwa akiwa hai hawezi kukaa, ataambiwa njoo, mbona umekwisha kuagwa? Na wa kwanza akamwambia, taratibu, akikamua nguo, kwamba ndiyo maana yeye hajawahi kutaka binti yake ajue kalamu.

Niliamini hivyo miaka mingi. Niliamini kwamba wale makuli wa Mombasa, watu wazima nisiowajua, waliketi kwenye mkeka wakamlilia mdogo wangu, na yeye huku juu ya kitanda cha kamba akawasikia akainuka akawafuata. Baadaye nilipata akili nikajua kwamba ni homa na wengu, na kwamba kule Malindi huenda wangemponya, na huenda wasingemponya. Akili hiyo haikunisaidia sana. Ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kukaa.

Wanawake hawakuniita tena kwenye mikeka yao. Hakuna aliyenikataza, hawakuniita tu. Nilimaliza darasa la nne na mwaka uliofuata mama hakunishonea sare, nami sikuuliza. Baba alirudi Mombasa, akawa anatuma habari kwa mdomo, kwa madereva. Mama na yeye walipata watoto wengine wawili baadaye, na waliheshimiana mpaka baba alipokufa. Lakini sikuwahi kuwaona wakiketi pamoja wakizungumza juu ya Komora. Na kwangu mimi mama hakusema neno juu ya barua ile. Si siku ile, si nilipoolewa, si nilipozaa mvulana wa kwanza nikampa jina la Komora, naye akampokea mikononi akasema tu ni mzito. Ningeweza kuvumilia laana. Kimya kile nilikipikia, nikakifulia, na mwishoni nikakichukua nyumbani kwangu kukitunza, mama alipokuwa haoni tena.

Basi daftari lile la yule binti. Niliandika siku tano, asubuhi, mama akiwa anaota jua kibarazani. Niliandika kama nilivyowaandikia hapa. Kila jioni mkono uliniuma, na usingizi haukuwa mzuri; kama kuna kitu kilichopungua sikukiona. Nilipomaliza nilikaa karibu yake nikamwambia nimeandika habari za Komora, na kwamba ninataka kumsomea, na safari hii nitasoma kilichoandikwa.

Akasema, "Soma."

Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye kelele za dunguni aliweka mkono juu ya mdomo. Lile hakuwa amelijua, kwamba yule aliyekuwa akimwitikia alikuwa mimi. Niliendelea. Nilipofika kaburini nilikunywa maji, nikaendelea mpaka mwisho.

"Umekosea mahali," akasema.

Nikamwuliza wapi.

"Pale kwenye kuongea. Mimi ndiye niliyekwambia uliache. Nilisema, hilo liache, babako akisikia anaongea hatakuja. Ulikuwa mtoto. Uliandika ulivyoambiwa."

Nilimwambia, "Mama, haikuwa hivyo. Ulisema usiliache."

"Nani alikuwa mkubwa pale, mimi au wewe? Nani anakumbuka? Futa hapo, uandike ni mimi."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa meupe, hayakunipa kitu. Sikujua kama anadanganya, au kama kwa miaka yote hiyo, ndani ya kimya kile, alikuwa akiligeuza lile neno mpaka likawa lake. Nilimwambia sitaandika hivyo. Aliniita mkaidi, akageukia upande wa ukuta.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi nilipomletea chai aliuliza kabla ya salamu, "Umeandika?" Nami nilimjibu bado. Alikunywa chai yake. Wiki tatu. Alikuwa anapungua, chai ikawa nusu kikombe, kisha vijiko. Sauti ilipokuwa imebaki ya kusikilizwa kwa kuinama, aliuliza tena, "Umeandika?"

Nilisema, "Nimeandika, mama. Nimeandika ni wewe."

Alitafuta mkono wangu wa kulia, akaupata, akaushika vidole kimoja kimoja kana kwamba anavihesabu. Akasema, "Vizuri. Sasa mwache huyo mtoto apumzike." Sikumwuliza ni mtoto yupi. Alifariki siku ya pili.

Sikuwa nimeandika. Niliandika kama mlivyosoma.